Kitabu cha Mbali cha Oiva

Kila Jumatatu asubuhi Oiva Kemppainen alikuwa akiingiza kreti za vitabu vya mbali, anazitua juu ya meza yangu na kusema maneno yaleyale: "Mzigo wa wenye akili huo, bosi." Mimi sikuwa bosi wake hata siku moja. Tulifanya kazi pamoja kwenye gari la vitabu la halmashauri tangu nywele zangu hazijaingia mvi, yeye usukanini, mimi nyuma kwenye kaunta, na kama kulikuwa na bosi kati yetu basi ni ile injini. Ikinuna, tunanuna wote watatu.

Vitabu vya mbali ni vile ambavyo sisi hatuna. Msomaji anaomba, mimi natafuta ni maktaba ipi nchini inacho, nacho kinaletwa kwetu kimefungwa ukanda wa karatasi wenye jina la mwombaji na mahali atakapokichukulia. Nani anasoma nini haisemwi. Mume haambiwi habari ya mke, wala mama habari ya mwanawe. Katika vijiji vyetu, ambako mtu akinunua koleo jipya la theluji habari inafika upande wa pili wa ziwa kabla yake, ni mimi tu niliyejua nani anasoma habari za talaka, nani anamtafuta Mungu, na nani anataka kufuga nyuki lakini anaogopa kuchekwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Mwezi wa Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imeshakaa, nilifungua kreti nikakuta kitabu kinene kutoka maktaba ya chuo kikuu kule Oulu. Kilikuwa kinahusu ugonjwa wa kusahau, kimeandikwa kwa ajili ya wagonjwa wenyewe na watu wao. Nikasoma ukanda: Kemppainen, Oiva. Kuchukulia: Ylikylä.

Ylikylä tuna chumba kidogo kando ya duka, hakina mfanyakazi, msomaji anafungua mlango kwa kadi yake na kuchukua chake. Nikaielewa hila yake mara moja. Angekiagiza kije kwenye gari, ningemkabidhi mimi kwa mkono wangu, tukatazamana. Kwa hiyo alikipitisha mlango wa nyuma. Ingekuwa hila nzuri kwa mtu mwingine. Lakini kreti zote, ziwe za Ylikylä au za kuzimu, hupita kwanza juu ya meza yangu, na anayezileta juu ya meza yangu ni Oiva mwenyewe. Nilikasirika, nikajiuliza mtu aliyezibeba kreti zile miaka yote anawezaje kusahau zinakopita. Kisha jibu likanijia, nikakaa chini.

Nilikigeuza kitabu, mgongo wake ukatazama ndani, nikakizungushia vitabu vya watoto pande zote. Alhamisi Oiva aliibeba kreti hadi Ylikylä akipiga mluzi, hajui kwamba amejibeba mwenyewe.

Mtu akiniuliza nilikuwa nimeona nini kwa macho yangu kabla ya hapo, nitasema: kidogo. Mara moja tulipita kituo cha Bi Lempi bila kusimama, yule bibi amesimama barabarani na kapu lake la riwaya, anapunga mkono. Oiva alisema alikuwa akiwaza habari za matairi. Siku nyingine aliipika kahawa yetu bila kahawa, tukanywa maji ya moto, naye akasema leo dukani wametuuzia kahawa hafifu. Nilicheka. Nani asingecheka? Oiva alikuwa mtu wa mizaha mikavu, huwezi kujua lini anatania.

Kitabu kilirudi baada ya wiki chache. Kabla ya kukirudisha kitabu cha mbali kwao tunakikagua, maana watu huacha mambo ndani: picha za harusi, tiketi za bahati nasibu, mara moja kipande cha soseji. Ndani ya kile nilikuta karatasi ya peremende, zile nyeusi za chumvi ambazo Oiva hutafuna kutwa akiendesha. Ilikuwa mwanzo wa sura yenye kichwa: "Lini uache kuendesha gari." Nikaiweka karatasi kwenye droo yangu, kitabu kikarudi Oulu.

Kabla ya Krismasi kikaja tena. Jina lilelile, Ylikylä ileile. Nikajiambia hakukimaliza, kitabu chenyewe kinene, na wanaume wa huku wakianza kusoma ni kama kulima shamba la mawe. Kiliporudi kilikuwa na karatasi ya peremende pale pale, mwanzo wa sura ile.

Basi nilianza kumchokoza. Tulikuwa tumeegesha mbele ya shule, watoto wameshaondoka na vitabu vyao, tunakunywa kahawa na mkate mtamu wa iliki niliouoka mwenyewe. Nilimuuliza kama ana jambo la kuniambia.

Oiva alitafuna, akatazama nje kwenye theluji, akatafuna tena.

"Lipo," akasema. "Mkate wako leo umekauka."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ungemkamua kama jiwe. Na mimi nisingeweza kusema, kwa sababu nilichokijua nilikijua kwa njia ya ukanda ule, na kilichokuja kwa ukanda hakitoki kwa mdomo. Ningekisema kwa mkuu wa halmashauri, kesho yake nani angeniamini na kitabu chake? Na wale wa halmashauri walikuwa wameshatamka wazi kwamba Oiva akistaafu, gari litauzwa, dereva mwingine hawataajiri. Hilo nalo lilinizuia. Lakini kila tulipoteremka ule mlima wa Vaara, barabara ikimetameta kama sahani, nilikuwa nikiitazama mikono yake kwenye usukani na kuhesabu moyoni nani yumo ndani ya gari lile. Yeye, mimi, na siku za shule watoto wanaopanda kuchagua vitabu. Niliogopa. Sioni haya kulisema.

Mwezi wa Januari akanipigia simu Marjut, binti yake, anayefanya kazi kwenye duka la rangi kule Kajaani. Alisema baba yake amempigia jioni moja kumpongeza kwa siku ya kuzaliwa, wakaongea vizuri, wakaagana, na haikupita saa akapiga tena kumpongeza.

"Hilkka, wewe unashinda naye kutwa. Umeona nini?"

Nilimwambia habari ya Bi Lempi na habari ya kahawa, maana hizo niliziona kwa macho. Akauliza kama baba yake amewahi kutafuta habari za ugonjwa, kama amewahi kuazima chochote. Nikamwambia hilo asiniulize. Akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba amenielewa. Nilijua nimeshasema bila kusema, nikaikata simu nikiwa na hasira na nafsi yangu, na yeye, na Oiva zaidi kuliko wote. Marjut alimpigia baba yake, akamsihi aende kwa daktari. Oiva alimwambia ataenda barafu ikiyeyuka, sasa kuna kazi.

Kisha ikaja simu kutoka Oulu. Mwanamke wa idara yao ya maazimo, mcheshi, tumefahamiana kwa sauti miaka mingi, akaniuliza huyo msomaji wetu vipi, ni mara ya tatu sasa, au tumpelekee kitabu kabisa akioe? Nilimwambia msomaji wetu anasoma polepole. Alicheka, nami nikacheka, nikaweka simu chini. Hakukuwa na polepole yoyote. Alikuwa anakiagiza upya kwa sababu hakukumbuka kwamba ameshakisoma. Na kila mara, akifika kwenye sura ile ya gari, anaweka peremende yake mdomoni, anaweka karatasi yake, na kukifunga.

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Lakini yeye alikuwa akiwaficha watu wengine, au alikuwa akiificha nafsi yake mwenyewe? Sikujua, na hata leo sijui vizuri.

Ilikuwa Alhamisi ya Februari. Tulikuwa tumemaliza kituo cha shule na tunakwenda Ylikylä, iliyo ng'ambo ya ziwa. Wakati wa baridi kuna barabara ya barafu inayokatisha katikati ya ziwa, imewekewa matawi ya misonobari pande mbili ili watu wasipotee, na pale ukingoni kuna kibao: magari madogo tu. Mtu na gari lake la kwenda dukani anapita bila wasiwasi. Gari letu, lenye rafu za chuma na vitabu elfu kadhaa tumboni, lingezama kama nanga. Ndiyo maana siku zote tulizunguka kwa barabara ya ufukweni, na kuzunguka huko ndiko kulikotupa muda wa kubishana.

Kwenye njia panda hakukata kushoto. Alikata kulia, polepole, kwa ustadi, akipiga mluzi. Nilidhani anataka kugeuza, au ameona kulungu. Kisha nikaliona ziwa mbele yetu, jeupe, na safu mbili za matawi zinakwenda hadi upande wa pili.

Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Ylikylä," akasema. "Tunakata hapa, tufike mapema. Baba alipitisha magogo hapa msimu mzima."

"Oiva, hili ni gari la vitabu."

"Najua ni gari la vitabu. Nani analiendesha?"

Kibao kilipita dirishani. Pua ya gari ikainama kuelekea chini, kreti zikateleza nyuma yangu, kitabu kimoja kikaanguka, kingine kikafuata. Nikamwambia asimame, akacheka, akaniambia nisiwe mwoga kama kuku wa mjini. Alikuwa na furaha, hilo ndilo lililonitisha zaidi ya yote. Sura yake ilikuwa ya kijana. Nikajua kwamba yule ninayesema naye hayumo garini, yuko na baba yake na magogo, na neno langu lolote la kawaida halitamfikia huko.

Basi nikakivunja nilichokitunza maisha yangu yote ya kazi.

"Oiva," nikasema, "kile kitabu chako cha Oulu. Sura uliyoiwekea karatasi ya peremende. Ndiyo hii sasa. Simamisha gari."

Alikanyaga breki. Gari liliteleza kidogo, likasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshashuka ukingoni, na chini yetu barafu ikatoa mlio mrefu, kama mlango mzito unaofunguliwa mbali sana. Maji yakatokeza juu yake, meusi, yakazunguka matairi.

Aliyatazama maji. Halafu alinitazama mimi, na sura ya kijana ilikuwa imeondoka.

"Umejuaje?"

"Kreti zote zinapita kwangu. Wewe ndiye unayenibebea."

Niliona anaitafuta njia ile kichwani mwake, kutoka gari la mizigo hadi mkononi mwake hadi mezani kwangu, njia aliyoipita kila Jumatatu, na niliona alipoifikia.

"Kweli," akasema. "Nakubebea mimi."

Kisha akaweka gia ya nyuma. Sitasahau jinsi alivyolitoa gari lile pale. Hakutikisika. Alilivuta nyuma pole pole, akisikiliza barafu kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala, akapandisha ule ukingo, akaliingiza sawasawa kando ya barabara bila kugusa hata nguzo ya kibao. Mikono yake ilikuwa haijasahau chochote. Ningetamani ningeweza kusema kwamba ilikuwa imesahau, ingekuwa rahisi zaidi.

Alizima injini. Alinyanyuka, akapita katikati ya rafu, akaviokota vile vitabu viwili vilivyoanguka na kuvirudisha mahali pake, kila kimoja kwenye nafasi yake. Kisha akasimama mbele ya kaunta yangu, akachukua funguo za gari na kuzitia ndani ya kreti ya vitabu vinavyorudishwa.

"Hizo nimezirudisha," akasema. "Usimpe mtu wa halmashauri. Chukua wewe."

Nililia, yeye hakulia. Alimimina kahawa iliyobaki kwenye vikombe viwili, tukakaa kwenye ngazi ya gari hadi Marjut, niliyempigia simu, alipofika kutoka Kajaani kutuchukua. Njiani hakuna aliyezungumza ila mara moja, Oiva alipomwambia binti yake apunguze mwendo, kuna kona.

Sasa gari la vitabu limeegeshwa kwenye banda la halmashauri na wanasubiri mnunuzi. Mimi napeleka vitabu vya mbali kwa gari langu dogo, na Jumatatu, nikishafungua kreti, napita barabara ya barafu kwenda kwa Oiva, maana nyumba yake iko ng'ambo ile. Daktari alishasema alichosema. Asubuhi anakuja mtu kumwangalia, jioni Marjut anapiga simu. Funguo nimezitundika jikoni kwangu. Halmashauri waliziulizia, nikawaambia watumie za akiba.

Mwezi wa Machi kitabu cha Oulu kilikuja tena. Alikuwa amekiagiza yeye mwenyewe, na safari hii mahali pa kukichukulia aliandika: kwa Hilkka. Nilimpelekea na ukanda wake.

"Nimekiagiza mimi hiki?" akauliza.

"Wewe."

"Kumbe bado nina akili. Herufi zenyewe ndogo, nisomee."

Nikamsomea. Tulikuwa jikoni kwake, kahawa mezani, safari hii mkate haukuwa mkavu. Alisikiliza vizuri sana. Mahali pengine alitikisa kichwa, mahali pengine alisema, "Hilo kweli, hilo ninalo." Nilipokaribia sura ya gari nilifanya kile ambacho mtu mwenye huruma angefanya, au mwoga. Nikazishika kurasa zote za sura ile kwa pamoja, nikageuza, nikaendelea na habari za chakula na usingizi.

"Umeruka," akasema Oiva.

Nikamwambia kurasa zimegandana.

"Umeruka, Hilkka. Hakuna mtu anayelala kabla ya kuegesha. Rudi."

Nikarudi nyuma, nikasoma. Nilisoma lini mtu aache kuendesha gari, na dalili zake, na jinsi ya kumwambia mtu unayempenda, na kwamba ni afadhali mtu aziachie funguo kwa mkono wake mwenyewe kabla hajanyang'anywa. Nilisoma hadi mwisho wa sura. Oiva alinyanyuka, akaenda kwenye koti lake lililoning'inia mlangoni, akapekua mfuko wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa ndani. Akarudia tena wa kulia.

"Funguo za gari ziko wapi? Nataka nikupe wewe. Usije ukampa mtu wa halmashauri."

"Ninazo, Oiva. Ulishanipa."

"Lini?"

"Februari."

Alisimama na mkono ndani ya mfuko.

"Walininyang'anya?"

"Hapana. Ulinipa mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Kwa mkono wako. Ulizitia kwenye kreti ya marudisho."

Akalitundika koti vizuri, akalinyoosha mabega, akarudi kukaa.

"Vizuri," akasema.

Jumatatu iliyofuata tulifika tena kwenye sura ile. Alinyanyuka, akaenda kupekua koti, nami nikamjibu yote tangu mwanzo.